Stenlesi Siyo Dawa ya Kila Springi

Samahanini kwa kukaa kimya wiki mbili. UE zilinibana kweli kweli, na zilipoisha tu nikavuka pantoni kwenda nyumbani Kigamboni. Huko nikakutana na mtihani mwingine, na huo, niseme ukweli, nimeufeli. Leo nawapa kisa chenyewe pamoja na msimamo wangu, halafu mnipige mawe mkitaka.

Basi bwana, nyumbani tuna kisima. Maji yake yana chumvi chumvi, si unajua visima vya pwani, lakini majirani wanayanunua kwa kufulia na kuoshea vyombo. Mama anauza ndoo shilingi mia. Usiidharau hiyo mia, bumu likichelewa ndiyo inayonilisha huku Mlimani. Pampu imekaa juu ya ardhi, maji yako mita 6 chini, na kwenye bomba la kuvutia kuna valvu inayozuia maji yasirudi kisimani. Ndani ya valvu kuna kijispringi cha kubana, urefu milimita 25 tu. Kikifa hicho, maji yanashuka, bomba linajaa hewa, na kila asubuhi lazima uimwagie pampu maji ndiyo ianze kuvuta.

Ndicho kilichotokea. Springi ilikuwa ya chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, chumvi ikaila mpaka ikakatika vipande viwili. Mama akanipigia: "Mwanangu, si unasomea uinjinia wewe? Njoo utengeneze, mambo ya kuita fundi kila siku nimechoka."

Nikaenda Gerezani. "Shikamoo mzee, naomba springi kama hii, ila ya stenlesi." Mzee akaitikia, akaniwekea mbili mezani. Urefu sawa, upana sawa, mizunguko sawa. Moja waya wake mwembamba kama wa ile yangu, nyingine waya mnene. Mzee akasema, "Ya kwako ilikuwa nyembamba, kijana." Mimi na digrii yangu ambayo hata sijaipata nikajibu, "Nipe nene mzee, hii haitakatika." Akanitazama, akanifungia. Hela ni yangu, afanyeje?

Nikaifunga jioni, nikamwambia Mama kesho auze kwa raha. Asubuhi akawasha pampu, ikanguruma. Maji hakuna. Akadhani yanakuja, akaiacha ikikauka huku akipanga ndoo. Mpaka naamka, sili imeungua. Siku tatu hakuna mauzo, wateja wamehamia kisima cha jirani, na fundi aliyekuja kulipwa alilipwa kwa akiba yangu ya bumu. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, injinia." Jamani, bora angenigombeza!

Niliporudi hosteli nikafungua daftari la mwaka wa pili. Fomula ya springi ile ile niliyoikariri kwa ajili ya tesiti inasema ugumu unapanda kwa unene wa waya uliopandishwa kipeo cha nne. Ukizidisha unene mara mbili, ugumu unakuwa mara 16. Springi ya zamani ilikuwa na waya wa milimita 0.8, niliyonunua mimi 1.2. Hiyo ni mara moja na nusu tu, kwa macho huoni tofauti ya maana. Kipeo cha nne cha 1.5 ni kama 5. Stenlesi yenyewe ni laini kidogo kuliko chuma cha kawaida cha springi, punguza kama asilimia 13, unabaki na mara nne na ushee.

Sasa tafsiri yake kisimani. Springi ya zamani ilikuwa inabana valvu kwa nguvu kama ya gramu 250. Ya kwangu ikawa inabana kwa zaidi ya kilo moja. Tundu la valvu ni inchi moja, kwa hiyo kilo moja na kitu juu yake ni sawa na kuongeza zaidi ya mita 2 kwenye kina cha kisima. Pampu ya juu, hata iwe nzuri vipi, haivuti zaidi ya mita 7 au 8 hivi, maana anayesukuma maji ni hewa ya nje. Sita ongeza mbili na ushee, kwisha habari. Pampu haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyekifanya kisima kuwa kirefu.

Ndiyo maana nasema: neno "stenlesi" linajibu swali moja tu, nalo ni la kutu. Swali la nguvu halijibu hata kidogo. Mtaani tumeshazoea kwamba stenlesi ni sawa na "orijino", ukishaitaja umemaliza kuchagua. Hujamaliza, hapo ndiyo kwanza unaanza. Na hata hilo la kutu lina ngazi zake. Stenlesi nyingi za springi ni za kundi la 302 na 304, zina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Kwa maji baridi na jikoni zinatosha. Kwenye chumvi zinaweza kuanza kutoboka vidoa vidoa. Hapo tafuta 316, yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, inavumilia chumvi zaidi, ingawa nayo si ya milele. Na kama kitu chako kinakaa ndani pakavu, chuma cha kawaida cha springi kinatosha kabisa. Usitupe hela kwa jina.

Kwa faida ya wenzangu mnaopenda kufungua fungua vitu, haya ndiyo ninayoyafanya sasa:

1. Pima vitu vitano kabla ya kutoka nyumbani: unene wa waya, upana wa nje, urefu ikiwa haijabanwa, idadi ya mizunguko, na jinsi ncha zilivyomalizwa. Waya upime kwa vernia, siyo kwa rula. Na upime sehemu ambayo haijaliwa na kutu, la sivyo utapata namba ya uongo.

2. Pima nguvu. Mizani ya jikoni inatosha. Isimamishe springi juu yake, ibonyeze milimita 5, soma gramu. Fanya hivyo kwa ya zamani kama bado nzima, na kwa mpya.

3. Hakikisha ikibanwa mpaka mwisho wa kazi yake mizunguko haigusani. Zidisha unene wa waya kwa idadi ya mizunguko yote, unapata urefu ambao chini yake haiendi. Acha nafasi.

4. Ikiwa ndefu kuliko upana wake mara nne, itapinda pembeni. Iwekee fimbo katikati au iingie kwenye bomba.

5. Usikate springi ndefu ukadhani utapata laini. Ukipunguza mizunguko, inayobaki inakuwa ngumu zaidi. Na usiichome moto kuinyoosha, utaiua.

6. Sumaku isikudanganye. Waya wa 304 ukishavutwa kuwa mwembamba unaweza kunaswa kidogo na sumaku, na bado ni stenlesi halali.

7. Valvu ya usalama ya presha kuka au regyuleta ya gesi usiiguse. Pale springi ikikosea, hasara siyo ndoo za maji.

Kuna mshkaji wangu wa chumba anabisha. Anasema mafundi wa mtaani hawana vernia na mambo yao yanakwenda. Ni kweli, lakini yule mzee wa Gerezani ana miaka mingi ya kubonyeza springi kwa kidole gumba, kidole chake ndiyo mizani yake. Sisi kidole hicho hatuna. Tuna fomula, tena tumeilipia ada. Kama huna kidole cha mzee na hutaki kupiga hesabu, basi angalau msikilize mzee. Mimi sikufanya hata moja.

Juzi nilirudi kwake. Nikamwamkia, nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akakaa chini, akafungua droo, akatoa ile nyembamba. Hakuniuzia kabla sijaipima. Maji yanatoka, wateja wawili wamesharudi, wengine bado. Mama ameniomba jambo moja tu: mlango wa friji umelegea, nisiuguse.

Haya wadau, nawe umeshawahi kuharibu nini nyumbani kwa jina la usomi? Semeni, tusicheke peke yetu. Naenda kusikilizia matokeo.