Mshale Ukishatoka: Majibu kwa Hoja Saba za Wawindaji wa Kamina

Katika simulizi za Waluba, Mbidi Kiluwe, baba yake Kalala Ilunga mwanzilishi wa ufalme wao, ni mwindaji kwanza, mengine yote baadaye. Upinde ulikuwa alama ya ufalme, na vishikio vya mbao vilivyochongwa kwa ajili ya kutundikia pinde na mishale ya wakubwa vinatunzwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Heshima yote hiyo lakini ni ya kupiga. Kuhusu kinachofuata, mnyama akishaingiwa na mshale na kutokomea kichakani, vijana wa Kamina, Kabongo na Kaniama hufundishwa kwa semi fupi fupi, na nyingi zimetoka kwa watu wa bunduki. Risasi huvunja mfupa na kuutikisa mwili mzima. Mshale hukata tu, na mnyama hufa kwa kuishiwa damu au pumzi. Tofauti hiyo ndiyo inayoziangusha nyingi kati ya hoja ninazozijibu hapa. Muda wa kufuata unaamuliwa na mahali mshale ulipoingia, na ushahidi wa mahali hapo uko chini, ukimngoja mtu atakayeinama kuutazama.

1. “Mkimbilie mara moja, ukichelewa atafika mbali.”

Mnyama aliyechomwa mshale mara nyingi hajui kilichompata. Hukurupuka, hukimbia hatua mia moja au mia mbili, kisha asipoona wala kusikia anayemfuata husimama, hugeuka kutazama alikotoka, na mwishowe hulala. Hapo alipolala damu inaendelea kumwagika ndani. Ukimwinua, hofu inampa nguvu mpya, na mbawala ambaye angefia nyuma ya kichuguu cha pili anavuka bonde na kuzama kwenye matete. Anayefika mbali ni yule aliyefukuzwa.

Hata kwa pigo lililotoboa mapafu yote mawili, ambalo huua kwa dakika chache, nusu saa ya kukaa kimya haikupotezei kitu. Tena ni nusu saa yenye kazi. Weka alama pale uliposimama ulipovuta upinde, kwa sababu ukishasogea, miti yote ya miombo inafanana. Kariri mti wa mwisho ulipomwona. Sikiliza: kishindo cha kuanguka au kuvunjika kwa matawi mahali pamoja ni habari ambayo anayekimbia hawezi kuisikia.

2. “Damu nyingi, amekufa. Damu kidogo, umemkosa.”

Hoja hii ndiyo imepoteza nyama nyingi kuliko zote. Paja lililokatwa hutoa damu ya kutisha kwa hatua mia moja, halafu linaganda, na mnyama anaweza kupona. Kifua kilichotobolewa juu, au tumbo, humwaga karibu yote ndani. Mafuta au utumbo huziba tundu, na wewe chini unaona matone mawili matatu tu.

Tazama rangi na kilichochanganyika nayo. Damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu madogo imetoka mapafuni: ngoja nusu saa, kisha fuata. Damu nyekundu iliyokolea, nzito, isiyo na povu, ni ya ini: mpe saa tatu au nne. Ukikuta majimaji ya kijani au kahawia, chembe za majani yaliyotafunwa na harufu ya kinyesi, mshale umepita tumboni. Mnyama huyo atakufa, lakini polepole, na anahitaji saa sita hadi kumi na mbili bila kusumbuliwa. Damu safi isiyo na povu, inayopungua kila unavyosonga, ni ya mnofu. Hapo hata wazoefu hawakubaliani: wapo wanaomsukuma taratibu ili jeraha lisigande, wapo wanaosubiri apumzike wapate kumkaribia kwa mshale wa pili.

Shahidi mwingine ni mshale wenyewe. Vyuma vya wahunzi wetu vina miiba, hukwama mwilini, na mara nyingi ufito peke yake ndio huanguka au huvunjika njiani. Kuukuta ufito chini hakuna maana kwamba chuma kimetoka. Pima kwa vidole sehemu iliyolowa, utajua kiliingia kina gani. Nusa. Angalia kama kuna nywele na za rangi gani, kwani nywele za tumbo kwa wanyama wengi ni nyeupe au hafifu kuliko za mgongo.

Na mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, jihadhari na macho yako. Miombo huchipua majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba, nayo yakitapakaa chini humpeleka mtu mbali kwa njia ya damu isiyokuwepo. Gusa kila doa kwa kidole chenye mate. Damu huachia rangi, jani haliachii.

3. “Aliyeondoka kwa kutembea hakuumia.”

Mara nyingi mambo ni kinyume chake. Aliyekoswa hukimbia, husimama mbali na kutazama akiwa amenyoosha shingo. Aliyepigwa tumboni huweza kuruka kidogo, kisha akaondoka polepole, mgongo ameupinda juu na kichwa amekiinamisha. Anayemwona hivyo husema mshale ulimkwaruza tu, akaenda zake kutafuta mwingine. Huyo ameacha nyuma mnyama ambaye asubuhi angemkuta amelala, mara nyingi upande wa maji, kwa kuwa jeraha la tumbo huleta kiu. Aliyepigwa kifuani naye huonekana ameumia kidogo kwa sababu ya mbio zake: hurusha miguu ya nyuma, hushuka chini na kukimbia kwa nguvu zote kana kwamba hana kitu. Mwendo usomwe pamoja na mshale na damu. Peke yake hautoshi.

4. “Subira yavuta heri, ngoja hadi kesho.”

Baada ya kuwakemea wenye haraka, wengine wamegeukia kosa la pili na kulifunika kwa methali. Kungoja kuna gharama, na gharama hiyo hubadilika kwa mwezi na kwa saa.

Chukua Kamina ya Juni. Mji uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa kiangazi ni wa baridi, mbingu ni kavu. Mnyama aliyepigwa ini saa kumi na moja jioni anaweza kuachwa hadi alfajiri; damu itakuwa palepale na nyama itakuwa nzuri. Sasa chukua Novemba. Mawingu yanajikusanya mchana, na mvua ya dakika ishirini inafuta kila tone. Hapo hesabu ni nyingine: ikiwa dalili ni za mapafu, fuata kabla haijanyesha. Ikiwa ni za tumbo, bado usimwinue, kwa maana mnyama aliyelala karibu bila alama ya damu hupatikana kwa kupekua kichaka kwa kichaka, lakini aliyefukuzwa kwenye mvua hapatikani kabisa. Unachoweza kufanya ni kusogea kimya hadi mahali ulipomwona mwisho, kufunga kitambaa mtini na kurudi nyuma.

Joto nalo linadai haki yake. Oktoba, mzoga uliolala usiku kucha na utumbo uliotoboka huvunda kabla ya jua kupanda, na siafu hawasubiri mtu. Aliyepiga tumboni huenda akaikosa nyama hata akifanya kila kitu sawasawa. Hiyo ndiyo adhabu ya pigo baya, na dawa yake ilikuwa kutoachia mshale. Jambo moja tu halina mjadala wa majira: nyati, ngiri au nguruwe pori aliyejeruhiwa hafuatwi kichakani gizani.

5. “Sumu itamaliza kazi.”

Sumu za mishale za Afrika Mashariki na Kati zinatokana na mimea kama *Strophanthus* na *Acokanthera*, na kazi yake ni kuuharibu mwendo wa moyo. Nguvu yake inajulikana kwa muda mrefu. John Kirk, aliyekuwa na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza 1858, na ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, aliona mapigo ya moyo wake yakishuka baada ya mswaki wake kuchanganyika mfukoni na sumu ya *Strophanthus*. Kutokana na mmea huo ilipatikana dawa ya moyo iliyotumika Ulaya.

Hata hivyo sumu haimwondolei mwindaji kazi ya kufuatilia. Kipimo kilichofika kwenye damu kinategemea chuma kiliingia wapi na kwa kina gani, na sumu ya zamani iliyokauka hupoteza makali. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao hutumia sumu kwa wanyama wakubwa, hawaketi tu nyumbani kusubiri. Baada ya kupiga, hukagua damu na mwelekeo, huacha saa zipite, kisha hurudi na wenzao kufuata nyayo hadi mwisho, wakati mwingine asubuhi inayofuata. Kumbuka pia kwamba sheria za uwindaji za nchi nyingi za Afrika zinakataza sumu.

6. “Twende wengi, na mbwa wote.”

Watu kumi wanakanyaga damu, wanageuza majani na kupiga kelele. Watatu wanatosha: mmoja anasoma ardhi, mmoja anasimama kwenye doa la mwisho na haondoki hapo mpaka lipatikane lingine, wa tatu anatazama mbele akiwa na upinde tayari. Wote hutembea kando ya njia ya damu, kamwe si juu yake.

Mbwa ni msaada mkubwa, ila mmoja, aliyefungwa kamba, anayefuata harufu ya damu. Sweden, kwa mfano, sheria inataka anayewinda wanyama wa jamii ya kulungu, hata yule mkubwa kuliko wote anayeitwa huko *älg*, awe na uhakika wa kumpata mbwa aliyefunzwa kufuatilia majeruhi ndani ya saa mbili. Mbwa sita walioachiwa huru humfukuza mnyama, na tumekwisha kuona kufukuza kunaleta nini.

7. “Mwache, pori lina wanyama wengine.”

Pori la Kamina halina tena wanyama wa kutupa. Nyaya za mitego, bunduki na miaka ya vita vimelikausha. Hata Upemba, hifadhi ya taifa tangu 1939 na kimbilio la mwisho la pundamilia nchini Kongo, imepoteza sehemu kubwa ya makundi yake. Mnyama aliyeachwa na chuma mwilini ni wa kuhesabiwa kama aliyewindwa, hata kama hakuna aliyemla. Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inampa mwanakijiji njia ya kuwinda kwa kibali. Kibali hicho kingekuwa na maana zaidi kama kila aliyepiga angejihesabia pigo lake, awe amempata mnyama au amemkosa.

Kuna mpaka mmoja tu wa kufuata. Kwa wale wa Bukama na Malemba-Nkulu, majeruhi akivuka na kuingia Upemba, simama. Mtu anayekamatwa hifadhini na upinde mkononi hawezi kujitetea kwa kuonyesha matone ya damu. Kawaarifu walinzi wa ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi. Nje ya hapo, tafuta hadi damu iishe, kisha rudi kwenye doa la mwisho na uzunguke kwa duara linalopanuka, ukipitia kila kichuguu, kila gogo na kila kijito. Na mpaka ujue mnyama wa kwanza yu wapi, usimvutie upinde mnyama wa pili.