Likizo Ni Mali ya Nyumba

Kila inapokaribia Juni, majira ambayo ukungu hulala juu ya Shume hata adhuhuri na wazee hawabanduki mekoni kwa baridi, hutangazwa katika shule nyingi za milima ya Usambara habari moja ambayo kwa muda mrefu imenikera, nayo ni kwamba watoto wa madarasa ya mitihani hawatakwenda likizo kama wenzao, bali watakusanywa katika kambi ya kitaaluma wasome mchana na usiku mpaka muhula wa pili ufunguliwe. Mwaka huu shule moja ya huku kwetu, ambayo sina haja ya kuitaja kwa kuwa si ya pekee wala si ya kwanza, imelipitisha jambo hilo katika kikao cha wazazi kabla hata watu wa viti vya nyuma hawajasikia vizuri lililosemwa: darasa la nne na darasa la saba watalala shuleni likizo nzima, na kila mzazi atatoa mahindi, maharage, mzigo wa kuni na fedha ya kuwashika mkono walimu. Rai yangu naitoa mapema, ili msomaji asihangaike kuitafuta: azimio hilo linapingana na taratibu za serikali yenyewe, na, lililo zito zaidi, linainyang'anya nyumba siku ambazo ni mali yake.

Juu ya taratibu sitakawia, maana ziko wazi kwa kila anayetaka kuzisoma. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioleta elimumsingi bila malipo kuanzia Januari 2016, ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za umma, basi sijui debe la mahindi la kambi limerudi kwa mlango gani. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka mwingine wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba watoto wa umri huo wastahili malezi ya wazazi na jamaa zao. Na mtoto wa darasa la nne anayelazwa juu ya mkeka darasani, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani, yumo bwenini, hata kama hapana aliyethubutu kulitamka neno hilo. Masomo ya likizo yamekwisha kukatazwa na wizara si mara moja, na jirani zetu wa Kenya walilitia katazo kama hilo ndani ya sheria yao ya elimu ya msingi ya mwaka 2013, pamoja na faini au kifungo kwa atakayelivunja. Nayataja haya kwa ufupi, kwani mtu aweza kuitii sheria miaka mingi asiijue hekima yake, na hekima hiyo ndiyo ninayoitaka.

Wenye kuitetea kambi wana hoja zao, na insafu yataka zisikilizwe. Husema kwamba mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba, kwamba Juni ni nafasi ya mwisho ya kufidia mada zilizoachwa, na kwamba mtoto wa mkulima wa viazi hana mwalimu wa ziada nyumbani kama aliye naye mtoto wa Dar es Salaam au Arusha. Husema, tena si uongo, kwamba ziko nyumba ambazo likizo kwa mtoto wa kike ni maji, kuni, vyombo na mdogo wake mgongoni tangu alfajiri, ilhali kaka yake yuko kijiweni; na kwamba wako mabinti wa milima hii ambao huteremshwa mjini wakati wa likizo kufanya kazi za ndani wasirudi tena darasani. Mwisho husema kwamba wazazi wenyewe wameridhia.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo nyepesi kuliko zote. Mzazi anayejua kwamba mwanawe atakaa mbele ya mwalimu yule yule mpaka Septemba ataogopa kunyosha mkono kupinga, na kimya chake si ridhaa. Milima hii yaijua sana ridhaa ya namna hiyo, maana mpango wa kuhifadhi ardhi ulioanzishwa na Waingereza katika bonde la Mlalo mwaka 1946 ulikuwa na nia ambayo mkulima hangeikataa, yaani kuzuia mmomonyoko wa udongo, lakini ulidai siku za watu, hasa siku za wanawake, kwa kuchimba matuta kwa amri. Watu wakachimba kwa kuogopa adhabu, kisha wakagoma, na kabla ya miaka ya 1950 kumalizika mpango wenyewe ukafa. Ama binti anayeelemewa na kazi, dawa yake ni baba yake na kaka yake kushika ndoo, wala si yeye kuhamishwa. Na yule anayepelekwa mjini kutumikishwa ana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na serikali ya kijiji za kumtetea, kambi iwepo au isiwepo.

Ama mtihani, jibu langu ni hesabu. Kalenda ya shule huwekewa siku 194 za masomo kwa mwaka, na siku hizo ni za mwalimu, hapana mzazi anayemgombania. Ikiwa mada hazikukamilika ndani yake, yafaa iulizwe zilikwenda wapi: je, walimu walikuwa wachache, vitabu havikutosha, mwalimu mkuu alishinda vikaoni, au mvua za masika zilikata njia? Kambi haiponyi hata moja katika hayo. Huyaficha, na kwa kuyaficha huyadumisha, maana ofisi inayoona alama zimepanda kwa jasho la Juni haitaona sababu ya kuleta mwalimu wa hisabati Januari. Na alama zenyewe zashindaniwa na nani, ilhali Baraza la Mitihani la Taifa liliacha mwaka 2023 kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora? Orodha iliyozikwa na baraza imefufuliwa katani, na mtoto ndiye anayebebeshwa gharama ya ufufuo huo.

Walakini hata kama kambi ingekuwa halali, na hata kama ingepandisha alama kwa yakini, ningeipinga vile vile, kwa sababu moja ambayo kwangu yatosha peke yake. Nyumba nayo hufundisha, na mafunzo yake hayakubali kukatwa vipande vya saa. Yahitaji siku zinazofuatana, mchana kutwa, mtoto akiwa kando ya mtu anayefanya kazi yake mwenyewe. Hapana siku nyingine za namna hiyo katika mwaka wa mtoto wa shule ila zile za likizo.

Twaa kitalu cha kabichi, kazi ambayo kila nyumba ya Shume yaifahamu. Mbegu husiwa juu ya tuta laini lililochanganywa na samadi, ikafunikwa kwa nyasi kavu na kumwagiliwa maji; siku chache baadaye huchomoza, nyasi zikaondolewa na kichanja cha kivuli kikawekwa; miche iliyobanana hupunguzwa, magugu yakang'olewa kwa vidole, wadudu wakaangaliwa chini ya majani; hata zinapotimia wiki nne au zaidi kidogo, miche huzoeshwa jua na kuhamishiwa shambani wakati wa jioni. Muda huo, ukiupima, ndio takriban urefu wa likizo ya Juni. Mtoto anayesia mbegu shule ilipofungwa tu, huweza kuihamisha miche kwa mkono wake kabla shule haijafunguliwa. Ameuona mwanzo, ameuona mwisho, na akizembea jioni moja, asubuhi huiona taathira ya uzembe wake imelala juu ya tuta, bila ya mtu kumchapa wala kumhubiria. Jumamosi haiwezi kumpa elimu hiyo, kwa sababu Jumamosi ni ya kufua sare na kwenda mashineni kusaga unga, na mtoto wa Jumamosi huambiwa alete maji akayaleta, lakini hajui kwa nini jana tuta halikuhitaji maji na kwa nini kesho yatapunguzwa. Yeye ni kibarua wa siku moja katika shamba la baba yake. Anayekaa wiki nne ni mwanafunzi wake.

Kadhalika ni elimu ya soko, kwa kuwa soko nalo halingoji Jumamosi. Viazi, karoti na kabichi za milima hii hufika soko la Lukozi zikapakiwa katika malori ya Tanga na Dar es Salaam, na hapo mtoto aliyefuatana na mama yake humwona dalali akitaka gunia lifungwe lumbesa, mzigo ukizidi mdomo wa gunia, ilhali utaratibu wa vipimo wataka lisizidi kilo 100. Humwona mama akikataa, dalali akijifanya kuondoka, na mama akipiga hesabu kimoyomoyo ya mbegu, mbolea, dawa na ujira wa wapagazi kabla ya kuamua kumwita au kumwacha aende zake. Hesabu za faida na hasara ambazo mwalimu huziandika ubaoni, mtoto huyo amezikuta zina jasho na sauti, na akirudi darasani Julai atazielewa kuliko aliyezikariri Juni nzima kwa taa ya kambini.

Kisha huja jioni, wakati wa mekoni, na elimu ambayo hata wapenzi wa nyumba huisahau. Shule hufundisha Kiswahili, nayo yafanya haki; lakini majina ya miti ya msitu wa Magamba kwa Kishambaa, dawa ya jani hili na madhara ya lile, undugu wa nyumba hii na ile, na habari ya mti gani ulipandwa na babu kuwa mpaka wa shamba la ukoo, havimo kitabuni. Vimo kwa bibi, na bibi hasemi kwa ratiba; husema anapokumbuka, na hukumbuka viazi vikiiva na moto ukiwa mzuri. Mtoto asiyekuwapo jioni hizo atakua, atarithi shamba ambalo haujui mpaka wake, na mpaka huo ataujulia mbele ya baraza la ardhi, akishitakiana na binamu yake.

Wala haya si mawazo ya mtu wa milimani aliyeshindwa na wakati. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba elimu tuliyoirithi humtenga mwanafunzi na jamii iliyomzaa, na kwamba hata wakati wa likizo vijana wa shule walidhaniwa kustahili kukingwa na kazi ngumu. Leo sisi tumewapita aliowalaumu, kwani wao walimrudisha kijana nyumbani wakamkalisha kitako, na sisi hatumrudishi kabisa. Aidha mitaala mipya, iliyoanza kutumika mwaka 2024, husifiwa kila mahali kwamba yajenga stadi na umahiri badala ya kukariri. Na wakati huo huo mtoto huzuiwa asiende mahali ambapo stadi hupatikana bila ya bajeti, bila ya karakana, na kwa mwalimu anayempenda.

Hapa ndipo subira yangu hukatika. Nimewasikia watu wazima, wenye dhamana, wakisema hadharani kwamba mtoto akienda nyumbani "hukaa bure". Bure! Na kabichi iliyo katika sahani ya msemaji huyo ililimwa na nani, na aliyeilima alifundishwa katika kambi gani? Ajabu iliyopita kiasi ni kwamba mtoto huyo huyo, akiwa kambini, huamshwa alfajiri ateke maji ya jikoni, atafute kuni na kufagia uwanja. Kazi ile ile ambayo mbele ya mama yake huitwa kukosa maendeleo, mbele ya mwalimu wa zamu huitwa taaluma. Kisha mtihani ukipita na mtoto akishindwa, hurudishwa kwa mzazi kwa maneno mepesi kwamba akalime. Alime kwa maarifa yapi, na ninyi ndio mliomzuia kuyapata? Mnamchukua siku zote ambazo angejifunza, mnamrudisha hajui la shule wala la shamba, halafu mnamlaumu baba yake kwamba hakumlea!

Basi kwa mzazi wa Shume, na wa Mtae, na wa Rangwi, nina maneno machache. Katika kikao kijacho, kabla hujatoa debe la mahindi, omba uonyeshwe kibali cha maandishi cha kumlaza mwanao shuleni. Kisha uliza, kwa adabu lakini bila ya kuinamisha kichwa, siku 194 zilitumikaje. Ofisi ya elimu ya wilaya nayo ingefanya vema kumtuma mkaguzi Juni, aje kwa miguu yake, kwani katazo la karatasi tumekwisha kulizoea. Na wewe mzazi, ukimpata mwanao, usiigeuze likizo kuwa utumwa: ndoo zigawanywe sawa kwa msichana na mvulana, saa ya kusoma iwepo, ya kucheza iwepo, na mtoto apewe tuta moja la kitalu ambalo ni lake, afanikiwe nalo au liungue mikononi mwake. Siku 194 ni za mwalimu, nasi hatumwombi hata moja; siku za likizo ni za nyumba, naye asituombe.