Mashine Isiyo na Jina Isiuzwe kwa Kilo

Nashika kalamu kuchangia ubishi ambao umetushinda kumaliza bwenini. Ile mashine ya kukatia stika iliyo stoo, iliyoletwa na wafadhili ikiwa imebanduka jina, iuzwe kama chuma chakavu au iunganishwe na tarakilishi? (Wengine mtasema kompyuta. Sawa tu, haitagoma.) Mimi nasema iunganishwe, tena na sisi wenyewe.

Wanaotaka iuzwe wana hoja moja: haina jina, haina kitabu cha maelezo, haina programu yake. Hata fundi mmoja mjini alisema ati bila jina haiwezekani. Nampinga kwa heshima. Nyingi za mashine hizi, ziwe za Marekani au za China, huelewa lugha iitwayo HPGL, iliyobuniwa na kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1970 kwa mashine za kuchora ramani na michoro. Maagizo yake ni ya herufi mbilimbili: PU, inua kalamu; PD, iteremshe. Kipimo chake kimoja ni sehemu ya 40 ya milimita. Basi ukiiagiza ichore vipimo 4000 nayo ikachora mstari wa sentimita 10 kamili, umeshajua inaongea lugha gani. Jina la nini tena?

Cha kuogopa ni umeme peke yake. Wetu ni wa volti 240, na mashine iliyotoka Marekani huenda ikataka 110. Ukiichomeka hivi hivi, kwaheri. Kibandiko kidogo cha umeme bado kiko nyuma yake, kisomwe kwanza. Yanayobaki yanataka subira. Tundu lake la waya ni la pini 9, la mtindo wa zamani ambao laptopu za siku hizi hazina, kwa hiyo patahitajika waya wa kugeuza kwenda USB. Ukishachomekwa na kutambuliwa, kompyuta ya Windows huuita COM3, COM4 au nambari nyingine. Kasi ya kujaribu kwanza ni 9600. Mashine ikinyamaza au ikirukaruka ovyo, jaribu nyingine. Kisu kitolewe, iwekwe kalamu na karatasi, tusimalize vinaili kwa majaribio. Programu ya Inkscape ni ya bure na inaweza kutuma HPGL moja kwa moja. Na vumbi letu hili la Isiolo lifutwe kwenye magurudumu, la sivyo karatasi itakwenda upande!

Kwa nini nang'ang'ana? Nambari za jezi za timu yetu hukatwa mjini kwa pesa, na msimu uliopita zilifika mechi ikiwa imekwisha. Tena tembea mjini utazame vioo vya maduka, matatu na bodaboda: kote ni herufi za kukatwa, na Kiswahili chake mara nyingine kinatia aibu. Chama chetu kinaweza kukata maandishi yaliyo sahihi na kuyauza. Hela ya kuuza chuma ni ya siku moja, tutainywea soda iishe.

Namwomba mwalimu mlezi atuazime ufunguo wa stoo Jumamosi moja baada ya usafi. Waya wa kugeuza tutauchangia wenyewe, wanne tumeshakubali.