Mtoto akifunga magoli matatu Jumapili, jezi isubiri kidogo

Nyangwe, teritware ya Kasongo. Inatosha kijana mmoja afunge magoli matatu Jumapili, na Jumatatu asubuhi, nguo alizochezea zikiwa bado kwenye kamba, viongozi wa ekipi mbili wamekwisha kufika kwa mama yake. Kama ni mtoto wa familia ya wahami waliotoka Salamabila au pande zingine za Kabambare, mbio zinakuwa kubwa zaidi. Mzazi ni mgeni, kartasi zilibaki nyumbani siku ya kukimbia, na ahadi ya kulipiwa masomo inamwingia mtu haraka.

Huku ni kuchagua vibaya. Ekipi inapoteza, na mtoto anapoteza zaidi.

Kuna mchezo wa kwenye simu unaoonyesha jambo hili vizuri, unaitwa Fantasy Premier League. Mtu anapewa milioni 100 za kuhesabu tu, ananunua wachezaji 15 wa ligi ya Uingereza, na kila mwisho wa juma anapata pointi kufuatana na walichofanya uwanjani. Kila juma anaruhusiwa kubadilisha mchezaji mmoja bure, na akitaka wa pili wakati hana akiba anakatwa pointi 4. Wengi wanaoshika mkia katika mchezo huo wana tabia moja: wanamkimbilia aliyefunga juma lililopita. Wanaofika juu wanatafuta kwanza kwa nini alifunga, na kama sababu hiyo itakuwapo tena juma lijalo.

Tumwangalie Leopard wetu Yoane Wissa. Brentford walimchukua 2021, na kwa muda mrefu mshambuliaji mkubwa pale alikuwa Ivan Toney. Agosti 2024 Toney akauzwa Saudia. Nafasi ya katikati ikabaki wazi, na Wissa, ambaye msimu uliotangulia alikuwa amekwisha kufunga magoli 12 ya ligi, akaishika. Msimu wa 2024-25 akafunga 19, na penalti zilikuwa zikipigwa na Bryan Mbeumo. Mtu aliyemchagua Wissa mwezi wa 8 hakuwa mganga. Alijiuliza tu nani ameondoka, na nani atacheza dakika zake.

Fiston Mayele naye alitoka AS Vita kwenda Yanga 2021. Msimu wa kwanza magoli 16 ya ligi, wa pili 17. Misimu miwili inayofanana hivyo haiitwi bahati. Pyramids ya Misri ikamchukua, na 2025 akabeba nayo kombe la mabingwa wa Afrika.

Hapa jimboni mfano uko karibu zaidi. Maxi Nzengeli alitoka AS Maniema Union ya Kindu kwenda Yanga mwaka 2023. Tarehe 5 Novemba mwaka huohuo Yanga wakaifunga Simba 5-1, na mawili yalikuwa yake. Dar es Salaam walishangaa. Waliokuwa wakiifuata Maniema Union hawakushangaa sana.

Basi kiongozi wa ekipi ya Nyangwe au Kasongo anayetaka kumchukua kijana aulize maswali ya namna hiyo. Alicheza dakika ngapi, na katika mechi ngapi? Beki wa upande wa pili alikuwa yule wa kila siku, au alikuwa ameenda machimboni na mdogo wake akashika nafasi? Mwenye namba 9 akirudi kutoka kuchimba dhahabu, huyu mtoto atakaa wapi? Magoli matatu dhidi ya ekipi iliyomaliza na watu 9 hayana uzito wa goli moja lililopatikana ng'ambo ya Lualaba, ugenini, baada ya safari ya mtumbwi.

Wapo watakaosema kwamba wahami hawana muda wa kuangaliwa mechi sita, kesho usalama ukibadilika familia itahama tena. Ni kweli, na ni neno zito. Lakini dawa yake ni daftari. Mwalimu aandike tarehe, ekipi waliyocheza nayo, dakika na nafasi aliyocheza, atie sahihi, ampe mzazi nakala. Familia ikihamia Kindu au Kalemie, mtoto anafika na mechi zake mkononi. Faida nyingine: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, sheria ya FIFA inagawa asilimia 5 ya bei kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kudai haki hiyo kunahitaji klabu iwe imemwandikisha kwenye shirikisho, lakini ekipi isiyoandika chochote haina hata pa kuanzia.

Wazazi washike neno moja kwa nguvu. FIFA inakataza mchezaji mwenye umri chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wake wamehama kwa jambo lisilohusu mpira. Mtu akifika nyumbani akisema atampeleka mtoto wa miaka 15 kucheza Tanzania au Zambia, na kwamba kuna franka za kutanguliza kwa ajili ya pasipoti, papa, mama, msimpe hata moja. Mfuko wa mihogo usiuzwe kwa ajili yake. Klabu inayomtaka mchezaji ndiyo inayolipa.

Na redio za kwetu zina kazi pia. Kila Jumapili jioni linasomwa jina la mfungaji na dakika ya goli, basi. Beki wa kushoto aliyemzuia winga dakika 90 hatajwi, kipa aliyetoa mipira miwili ya hatari anasahauliwa kabla ya habari za bei sokoni. Kuongeza majina mawili kwenye tangazo kunachukua nusu dakika, na wako wazazi ambao tangu wahame hawajasikia jina la mtoto wao likisomwa popote ila kwenye orodha ya kugawiwa unga.