Nyumba kubwa ya maduka inaishi na mushahara wa nani?

Kila mara tunaposikia habari ya mugodi huku Tanganyika, iwe lithium ya Manono ao koltani ya Kisengo, maneno ya barazani yanakuwa yale yale: kazi itakuja, barabara itakuja, na siku moja Kalemie nayo itapata nyumba kubwa ya maduka kama zile za Nairobi, yenye ngazi za umeme, baridi ya mashini na parkingi. Kuota si kosa. Lakini sisi watu wa sendika tuko na desturi moja: mbele ya kupiga makofi tunauliza makuta yatatoka wapi na yataenda wapi. Kwa hiyo leo, bakamarade, na nyinyi bamama munaoshika bajeti ya nyumba, tuangalie nyumba za namna hii zilizaliwa je, zilikufa je, na zile zilizofufuka zilifanya nini.

Plani iliyokatwa nusu

Nyumba ya maduka ya kwanza iliyofungwa yote, paa moja na hewa ya mashini, ilifunguliwa mwaka 1956 huko Marekani, Edina, kando ya muji wa Minneapolis. Inaitwa Southdale. Aliyeichora ni Victor Gruen, mutu wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938. Yeye hakutaka maduka peke yake. Alitaka kujenga kama katikati ya muji: maduka, ndiyo, lakini pia nyumba za kukaa, masomo, nyumba za daktari, bustani, pahali mutu anaweza kutembea bila motokari. Wenye makuta walichukua maduka na parkingi, mengine wakaacha. Mbele ya kufa kwake mwaka 1980, Gruen mwenyewe alizikana nyumba hizo wazi wazi.

Miaka miwili mbele ya Southdale, mwaka 1954, Gruen alikuwa amechora Northland, kando ya Detroit. Detroit tunaijua kwa jina: muji wa usine za motokari, muji wa wafanyakazi wenye sendika ya nguvu. Northland ilinona kwa mushahara ule. Lakini usine zikapunguza watu, wenye uwezo wakahamia mbali zaidi, maduka yake makubwa yakafunga moja moja, na mwaka 2015 Northland yenyewe ikafunga mulango. Southdale ingali hai. Kwa nini? Juu waliongeza nyumba za kukaa pembeni, wakaweka hoteli na pahali pa michezo. Yaani, kisha miaka 60, wamerudilia ile plani waliyoikata nusu.

Somo la kwanza ni hili: duka haliishi na duka. Linaishi na watu walio karibu na wanaopata mushahara kila mwezi.

Nairobi: deni lilimaliza kazi

Tuje karibu. Sarit Centre, kwenye Westlands, ilifunguliwa mwaka 1983, na Wakenya wanaihesabu kuwa mama wa moli zao. Kisha zikaja nyingi: Westgate mwaka 2007, Thika Road Mall mwaka 2013, Two Rivers mwaka 2017. Zote ziko na hesabu moja. Kunakuwa supermaketi moja kubwa, ile inavuta watu. Butiki ndogo zinalipa kodi ya nguvu sababu ya wale watu wanaopita mbele ya mulango wao. Ile kubwa ikitoka, ndogo zinabaki zikiangalia ukuta.

Kwa miaka mingi ile kubwa ilikuwa Nakumatt. Ilianza Nakuru kwa kuuza magodoro, na jina lake linatoka pale. Ikafikisha matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wa Al-Shabaab waliingia Westgate, wakaua watu 67. Tunawapa heshima marehemu wale. Nyumba ilijengwa upya, ikafunguliwa tena Julai 2015, na Nakumatt ikarudi ndani yake. Watu walisema: hii sasa haiwezi kufa.

Risasi hazikuimaliza Nakumatt. Deni njo lilimaliza kazi. Kampuni ilifungua matawi mbio kupita nguvu zake, kwa makuta ya banki na kwa vitu vya kukopa kwa wale wanaoileteaga unga, maziwa na sabuni. Mwaka 2017 mbao zilibaki wazi na wafanyakazi wakakaa miezi bila mushahara. Januari 2018 tribinali ikaiweka chini ya musimamizi. Mwisho wa mwaka 2019 matawi 6 yaliyobaki yaliuzwa kwa Naivas, shilingi milioni 422. Deni lilikuwa limepita bilioni 30. Fanya hesabu: katika kila shilingi 100 za deni, mauzo yale hayakufikisha hata shilingi 2. Januari 2020 wenye kudai walipiga kura ya kufunga kabisa.

Moli zenyewe hazikufa zote. Thika Road Mall iliitoa Nakumatt mwaka 2017, na mwaka ule ule ikaingiza Carrefour, inayoendeshwa na kampuni Majid Al Futtaim ya Dubai. Kufufuka njo huku. Lakini angalia bei yake. Desemba 2023 serikali ya Kenya, kupitia ofisi inayochunga mashindano ya biashara, iliitoza kampuni ile faini ya shilingi bilioni 1,1, kwa kosa la kukandamiza watu wanaoiletea vitu. Somo la pili: mugeni mwenye nguvu anaweza kuokoa nyumba, lakini munyonge anayemuletea asali ao mafuta ya kupikia anabaki pahali pale pale kama hakuna sheria ya kumukinga.

Kantini tunaijua

Mutu asituambie kwamba mambo haya ni mapya kwetu. Katanga ilikuwa na moli yake mbele ya Nairobi. Iliitwa kantini. Union Minière ilianza kazi mwaka 1906, na kisha muda ilijenga kambi ambamo kila kitu kilitoka kwa kampuni: nyumba, masomo, hospitali, posho. Gécamines iliporithi, iliendelea na mufuko wa unga kila mwezi. Wazee wanaiongelea mpaka leo kwa hamu, na wako na haki: mutoto alikula, mutoto alisoma.

Lakini kila kitu kilitundikwa kwenye kamba moja. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Mwaka 1991 inchi iliingia katika pillage. Shaba ikashuka, na unga ukafuata. Katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10.655 wa Gécamines walitoka kwa ile inaitwa départ volontaire, wengi wakiwa na deni refu la mushahara ambao hawakulipwa. Kantini ilikuwa imekwisha kufa zamani. Na juu mama wa kambi alikuwa amezoea kantini tu, alianza kulima na kuuza akiwa nyuma ya wengine.

Leo kwenye karie kantini imerudi na sura ingine. Kule mbali na barabara, anayekununulia mawe njo anakukopesha unga, koleo, taa na dawa. Bei anaweka yeye. Ukitoa koltani, anapima yeye, anakata deni lake yeye. Mwisho wa juma kreseri amefanya kazi siku sita na bado anadaiwa. Watu wanaiita banki Lambert, wanacheka, lakini si kitu cha kuchekesha.

Wafanyakazi wa kontra wajue: Mukataba namba 95 wa OIT wa mwaka 1949, ambao inchi yetu iliukubali, unasema katika kifungu cha 7 kwamba hakuna mufanyakazi anayeweza kulazimishwa kununua kwenye duka la muajiri. Na pale ambapo hakuna duka lingine karibu, serikali inapashwa kuchunga bei iwe ya haki. Kreseri hana muajiri wa karatasi, lakini koperative yake inaweza kuomba fikra ile ile: bei iandikwe ukutani, mizani iwe wazi, deni liwe na kartasi mbili, moja ibaki kwake.

Na Kalemie?

Muji wetu nao ulionja kamba moja. Reli ilifika hapa mwaka 1915, na bandari ikafunga Katanga na Kigoma. Kulikuwa usine ya nguo ya Filtisaf. Mushahara wa reli, wa bandari na wa usine njo ulikuwa unashika biashara yote ya Kalemie. Usine ilipofunga na treni kuanza kuja kwa bahati, maduka ya katikati yalipunguka yenyewe, hakuna aliyeyapiga. Soko halikukufa, sababu soko haliombi kodi ya dola elfu. Mama mwenye beseni ya ndakala anaweza kushuka na kupanda na hali ya muji. Nyumba ya vioo haiwezi.

Tena kuko maji. Lukuga njo mulango mumoja tu ambao ziwa linatokea, na mulango ule uko hapa kwetu. Tangu mwaka 2020 ziwa linapanda, na mwaka 2024 maji yaliingia tena mpaka katikati ya biashara. Yule anayetaka kujenga chochote kikubwa karibu na pwani, aanze kwa kueleza maji yatapita wapi.

Makuta ya kujenga, sheria imekwisha kuyaonyesha. Kode ya madini iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa redevance hivi: 50 % serikali ya kati, 25 % jimbo, 15 % ETD ya pale mugodi uko, na 10 % mufuko wa vizazi vinavyokuja. Juu yake kampuni inapashwa kutoa angalau 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wa karibu. Haya si zawadi. Kwa hiyo kama chefu mumoja anakuja kusema "tutawajengea sentre komersiale", tunayo haki ya kujibu: makuta hayo ni yetu, tuzungumuze.

Wazo langu linajulikana. Mbele ya vioo, tuanze na soko lenye paa na mifereji, chumba cha baridi kwa samaki, depo kavu kwa mahindi, choo safi kwa bamama wanaokaa pale tangu asubuhi, na mizani inayochungwa. Vitu hivi vinafanya kazi hata mwezi ambao mugodi umesimama. Baadaye kama nyumba kubwa inakuja kwa makuta ya mufanya biashara mwenyewe, ije. Hakuna anayeikataza.

Lakini kwenye mukutano, yeyote atakayeleta plani, tumuulize maswali mane, na majibu yaandikwe:

Mugodi ukisimama mwaka mumoja, nani atalipa kodi ya nyumba hii?

Samaki yetu, unga wetu na mboga zetu zitaingia ndani, ao tutaingia sisi tu na mushahara wetu?

Mufanyakazi atabaki huru kununua pahali anapotaka, na makuta mkononi mwake?

Na ziwa likipanda tena, mulango utakuwa wapi?

Mutu anayejibu haya mane bila kukasirika, tunaweza kuendelea kuongea naye.