TAMKO LA WAKULIMA NA WAPIKAJI WA MAFUTA YA KUNUKIA WA ITURI: MAFUTA YETU YAPIMWE, NASI TUONE KIPIMO

Sisi wakulima na wapikaji wa mafuta ya kunukia kutoka Bunia, Irumu, Djugu na Mahagi tunatoa tamko hili kwa serikali ya jimbo la Ituri, kwa Ofisi ya Udhibiti ya Kongo (OCC), kwa vyuo vikuu vya mji wetu, kwa wanunuzi na kwa wananchi wote.

Tunadai kwamba mafuta yanayotoka Ituri yapimwe kwa kromatografia ya gesi, kwa njia iliyoandikwa na kujulikana, na mwenye mafuta apewe matokeo yote mkononi.

Kwa sasa mnunuzi huja, hunusa, hujaza chupa ndogo na kuondoka nayo ng'ambo ya mpaka. Baadaye simu inapigwa: mafuta ni hafifu, sineoli, kiambato kinachoamua bei, haikutosha, bei imeshuka. Karatasi ya kipimo hatuioni. Mpikaji aliyekata majani ya kaliptusi, akanunua kuni na kukesha penye moto, anakubali bei hiyo kwa sababu hana cha kujibu. Hatusemi kila mnunuzi ni mwongo. Tunasema kwamba bei inayotokana na kipimo kilichoonwa na upande mmoja tu si bei ya haki.

Kipimo chenyewe kinaeleweka. Mafuta huchanganywa na kiyeyusho kama heksani, kisha kiasi kidogo sana, kama mikrolita 1, hudungwa mahali penye joto la nyuzi 250 hivi na kugeuka mvuke papo hapo. Gesi ya heliamu au hidrojeni huusukuma mvuke huo ndani ya koluma, yaani mrija mwembamba uliozungushwa, ambao mara nyingi una urefu wa mita 30 na tundu la robo milimita. Tanuri huanza kwenye nyuzi 60 na kupanda taratibu, kwa mfano nyuzi 3 kila dakika. Viambato vyepesi hutangulia, vizito hufuata. Kila kimoja kikifika mwisho huungua katika mwali mdogo, na mashine huchora kilele.

Lakini kilele hakiji na jina lake, na dakika kinapotokea hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine. Ndiyo maana mwaka 1958 Ervin Kováts alipendekeza fahirisi inayolinganisha kila kiambato na mfululizo wa alkani nyoofu zilizopitishwa katika mashine ileile, na mwaka 1963 hesabu hiyo ikapanuliwa kwa tanuri linalopanda joto. Cheti cha kipimo chenye fahirisi kinaweza kukaguliwa na mkemia wa Kampala au Nairobi bila kuiona mashine. Cheti kisicho nayo kinatutaka tuamini tu.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Bei ya mafuta ya kaliptusi huamuliwa na sineoli, na Famakopia ya Ulaya inadai isipungue asilimia 70. Sineoli hiyohiyo, ikipitishwa kwenye koluma isiyo ya polari, hutoka karibu sana na limoneni, kiasi kwamba vilele viwili vinaweza kuhesabiwa kuwa kimoja. Kwa hiyo tunataka koluma mbili, isiyo ya polari na ya polari, na vigunduzi viwili: cha mwali kwa kupima kiasi, na spektrometa ya masi kwa kutambua majina.

Tunasema wazi pia yanayotuhusu sisi wenyewe. Miti yote ya kaliptusi si ya aina moja. Eucalyptus globulus hutoa sineoli kwa wingi. Citriodora hutoa zaidi sitronelali, ambayo ina soko lake. Saligna, iliyopandwa kwa ajili ya nguzo na mbao, haitoi mafuta yanayofanana na ya globulus. Mwanachama anayechanganya majani ya miti hiyo katika pipa moja anajiharibia mwenyewe, na kromatogramu, yaani mchoro wa vilele, itamwonyesha. Vivyo hivyo anayehifadhi mafuta katika bidoni ya plastiki: mafuta haya hula plastiki, na yaliyoyeyuka humo huonekana kwenye kipimo.

Na mashine haioni yote. Anayeongeza mafuta ya kupikia hakamatwi nayo kwa urahisi, kwa kuwa mafuta hayo hayageuki mvuke kama ya kunukia. Hubaki nyuma na kuichafua koluma. Hapo tone moja juu ya karatasi nyeupe husaidia: mafuta safi ya kaliptusi hupaa, ya kupikia huacha doa. Alkoholi nayo inaweza kupita bila kuonekana ikiwa kigunduzi kimezimwa dakika za mwanzo kusubiri kiyeyusho kipite. Cheti kitaje kigunduzi kilianza kurekodi dakika ya ngapi.

Hatuombi jambo geni katika ukanda huu. Pemba, kwenye kiwanda cha Wawi, makonyo ya karafuu yanakenekwa, na ni kromatografia inayotofautisha mafuta ya makonyo na ya karafuu yenyewe, ambayo huwa na eugenili asetati nyingi zaidi. Nairobi, kituo cha icipe kilichoanzishwa mwaka 1970 kimetumia mashine hizi miaka mingi kuchunguza harufu za mimea na wadudu.

Kwa hiyo tunaiomba serikali ya jimbo, OCC na vyuo vikuu vya Bunia waketi pamoja nasi kuweka mashine moja ya umma mjini, yenye umeme wa uhakika na mtambo wa kutoa hidrojeni kutoka kwenye maji, kwani mitungi ya heliamu ni ghali na safari yake ni ndefu. Vijana wanaosoma kemia hapa wafundishwe kuiendesha na kuitengeneza; mashine isiyo na fundi itageuka kabati. Hadi hapo sampuli zipelekwe maabara ambayo pande zote mbili zimeikubali.

Kuanzia mavuno haya, kila pipa la mwanachama litatolewa chupa tatu za kioo cheusi, zilizojazwa hadi shingoni na kutiwa lakiri mbele ya mnunuzi: moja yake, moja ya mpikaji, moja ya chama, itakayofunguliwa tu ukizuka ubishi. Kila chupa itaandikwa aina ya mti, kijiji na tarehe ya kupika. Mnunuzi atakayeshusha bei kwa sababu ya kipimo atatuletea kromatogramu nzima, jedwali la fahirisi na masharti ya mashine. Asipoleta, bei ya awali itabaki, na pipa halitapakiwa.

Limetolewa Bunia,
Kamati ya uongozi, kwa niaba ya wanachama wote.