Saladi ya dola ishirini na dagaa wa Mama



Leo sizungumzii siasa wala mpira. Nazungumzia majani. Ndiyo, majani mabichi, yale ambayo mjomba wangu alipoletewa kwa mara ya kwanza aliuliza kama mhudumu amemfananisha na mbuzi. Cheka kidogo, kisha tuendelee, maana mwisho wa habari hii hauchekeshi sana.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Wabongo sita mezani, kwenye mgahawa mmoja katikati ya jiji la Washington. Wanne wetu tukaagiza saladi ya Caesar. Bei dola 15. Weka kodi ya chakula cha mgahawani, ambayo hapa DC ni asilimia 10, ikawa dola 16 na nusu. Weka bahashishi ya mhudumu, dola 3. Jumla dola 19 na senti 50 kwa mtu mmoja, na wanne tukawa tumelipa dola 78. Kwa majani, vipande vya mkate na jibini! Na hapo bado hujala kitu cha kushiba.

Kilichoniuma si bei tu. Kilichoniuma ni kwamba mimi najua jinsi ya kuitengeneza saladi hiyo. Nilipoingia nchi hii mwaka 2003, boksi langu la kwanza lilikuwa jikoni hotelini, upande wa vyakula baridi. Nimechana majani hayo mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu leo nakaa mezani kama bwana mkubwa, nakunjua noti ninunue kazi ya mikono yangu mwenyewe. Hapo ndipo nikasema, hili lazima niliandike.

Hoja yangu ni moja, nayo ina sehemu mbili. Kwanza, saladi hii tuitengeneze nyumbani. Pili, tukishaitengeneza, tuandike vipimo. Hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi, nitaifikia.

Tuanze na jina. Sisi tuliomjua Kaizari kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere tunadhani ndiye mwenye saladi. Hapana. Mwenyewe anaitwa Caesar Cardini, Mtaliano aliyehamia Marekani kutafuta maisha kama mimi na wewe, akafungua mgahawa Tijuana, upande wa Mexico mpakani na California. Kwa nini Mexico? Kwa sababu kuanzia mwaka 1920 mpaka 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe, na wenye kiu yao walikuwa wanavuka mpaka. Inasimuliwa kwamba tarehe 4 Julai 1924, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wateja walifurika mpaka jiko likakaukiwa. Cardini akakusanya alivyobakiwa navyo: letasi ya romaine, mayai, mkate, mafuta ya zeituni, jibini ya Parmesan, kitunguu saumu, sosi ya Worcestershire. Akachanganya, na wateja wakalamba vidole. Na hawakulamba kwa mfano tu, maana majani yalikuwa mazima na yaliliwa kwa mkono.

Umeona? Chakula tunachokiita cha kitajiri ni makombo ya jikoni yaliyookolewa na mhamiaji siku aliyozidiwa na wageni. Mama zetu wanaifanya kazi hiyo kila Iddi na kila Krismasi, na hakuna anayewaandika.

Ukitaka ushahidi kwamba saladi hii ni ya nyumbani, panda treni. Mimi natoka Silver Spring kwa treni nyekundu, nabadilisha Metro Center, nashuka Federal Triangle, na hatua chache tu nipo Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani. Kuingia ni bure. Humo ndani limewekwa jiko zima la Julia Child, yule mama mrefu aliyewafundisha Wamarekani mapishi kwenye televisheni. Alilitoa mwaka 2001, na wananchi wakaanza kuliona mwaka 2002, na sufuria zake zikining'inia ukutani. Mama huyo alipelekwa na wazazi wake kwa Cardini akiwa mtoto, miaka ya 1920, akaisimulia saladi hiyo pamoja na vipimo vyake kwenye kitabu chake cha mwaka 1975. Na jiko lenyewe ni la nyumba ya kawaida, lenye meza katikati, kama la shangazi yako.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Siri za mgahawa ni chache, nami nazitoa bure.

Siri ya kwanza ni ukavu. Osha majani, yakung'ute, yafunge kwenye kitambaa safi, weka kwenye friji saa moja au zaidi. Jani lenye maji halishiki sosi, na sosi inayoteleza chini ya bakuli ndiyo inayowafanya watu waseme saladi ya nyumbani haina ladha.

Siri ya pili ni mkate. Usinunue vile vya pakiti. Chukua mkate wa jana, ukate vipande vya ukubwa wa kete ya bao au zaidi kidogo, pakaza mafuta yaliyolowekwa kitunguu saumu, choma kwenye oveni mpaka viwe rangi ya karanga.

Siri ya tatu ni sosi. Kwa watu wanne: punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, kiini cha yai moja, kijiko cha chai cha haradali, vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau, matone ya Worcestershire. Piga kwa uma huku unamimina mafuta ya zeituni taratibu kama uzi, vijiko sita vikubwa hivi, mpaka ishikane iwe nzito. Ukimwaga mafuta kwa pupa itakatika, na hapo usinilaumu. Malizia na jibini iliyokwanguliwa papo hapo na pilipili manga. Changanya na majani dakika ya mwisho kabisa, watu wakiwa wameshakaa.

Siri ya nne ndiyo inayonileta kwa Mama. Ile ladha ya chumvi ya bahari unayoisikia mgahawani, usiyoweza kuitaja jina, ni dagaa. Wala si utani. Ni samaki wadogo wa jamii ya anchovy waliotiwa chumvi, wanapondwa ndani ya sosi. Cardini mwenyewe inasemekana hakuwaweka, ladha yake ilitoka kwenye Worcestershire, ambayo nayo ina samaki hao hao. Na dagaa mchele wetu wa baharini ni wa ukoo huo huo.

Mama yangu alikuja kututembelea kiangazi cha mwaka 2014. Alitoka Tanga na pakiti mbili za dagaa kwenye begi, na uwanja wa ndege tuliwataja kwenye fomu ya forodha kama inavyotakiwa. Wiki ya pili tukamtoa kwenda kula mjini, nikamwagizia saladi hiyo nikijisifu kwamba niliwahi kuitengeneza kwa mamia. Alikula pole pole. Hakusema neno. Akauliza bei, nikamtajia nusu, akanyamaza zaidi.

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mwanangu, ile mboga yao ina dagaa. Kesho ninunulie majani."

Kesho yake alichambua dagaa, akatoa vichwa, akawasuuza kupunguza chumvi kwa sababu ya presha yake, akawakausha kwenye kikaango bila mafuta, akawatwanga na kitunguu saumu. Kinu hatukuwa nacho, alitumia bakuli la chuma na kitako cha chupa. Limau akaliona halina makali, akaniagiza ndimu. Mkate aliukaanga na samli. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba na alikuwa hataki kuona jani lolote, alirudia mara mbili. Shemeji yenu alisema ni tamu kuliko ya mgahawani. Mimi niliyepokea mshahara kwa kazi hiyo nilikula kimya, kwa aibu na kwa furaha.

Mama aliitengeneza mara nne kabla hajarudi Tanga. Mara zote nne mimi nilikuwa mlaji, sikushika hata kijiko. Binti yangu alikuwa anasimama juu ya kiti anamtazama Bibi yake. Hakuna aliyeandika kitu. Ningeandika nini, wakati Mama yupo na simu ipo?

Mama alifariki mwaka 2021. Mwaka uliofuata binti yangu aliniomba "saladi ya Bibi". Nikajaribu. Mara ya kwanza ilikuwa chungu, dagaa niliwaunguza. Mara ya pili ilikuwa na chumvi kama maji ya bahari. Mara ya tatu ilikuwa nzuri, wageni wakaisifu, lakini binti yangu akaonja, akaweka uma chini, akasema kwa upole, "Baba, ni tamu, ila siyo yenyewe." Mpaka leo siyo yenyewe. Dagaa walikuwa kiasi gani, konzi au nusu konzi? Samli iliingia kwenye sosi pia? Aliyejua hayo tumeshamzika.

Ndiyo maana nasema vipimo viandikwe. Cardini alifariki mwaka 1956, lakini saladi yake ilishawekwa kwenye chupa na kuuzwa, na binti yake Rosa aliendelea kuieleza kwa waandishi. Leo zaidi ya miaka 100 imepita tangu siku ile ya Tijuana na mtu yeyote mwenye bakuli anaweza kuifanya. Tofauti kati ya saladi ya Cardini na ya Mama si utamu. Tofauti ni kwamba moja iliandikwa.

Najua mtaniletea pingamizi, na baadhi ni ya haki.

Wapo watakaosema muda ni pesa, mtu mwenye kazi mbili hana saa ya kukausha majani. Nakubali. Lakini hesabu na ile saa ya kutafuta maegesho mjini, kusubiri meza na kusubiri bili. Nikigawa mafuta na jibini kwa kiasi nilichotumia, saladi ya watu wanne kwangu haifiki dola 10. Dola 68 zinazobaki ni dawa za mzee mmoja kijijini. Wengi wetu tunapiga simu nyumbani kusema mwezi huu mambo magumu, wakati risiti ya Jumamosi ipo mfukoni. Naanza na mimi mwenyewe kujinyooshea kidole.

Wapo watakaosema mgahawani ni salama zaidi. Hapa tuwe makini. Yai bichi lina hatari, hata lile la Cardini lililochemshwa dakika moja tu. Kwa mjamzito, mtoto mdogo au mzee, weka kijiko kikubwa cha mayonezi ya dukani badala ya kiini. Na majani yenyewe yana historia: tarehe 20 Novemba 2018, siku mbili kabla ya sikukuu ya Shukrani, wakuu wa afya wa Marekani waliwaambia watu wote wasile kabisa letasi ya romaine kwa sababu ya vijidudu vya E. coli. Mgahawa na nyumba vyote viliambiwa vitupe. Nyumbani angalau unamjua aliyenawa mikono.

Na yupo rafiki yangu aliyeniambia tukiacha kwenda migahawani tunawanyima riziki ndugu zetu wanaohudumu huko. Huyu amenigusa, maana nami nililelewa na jiko la mtu. Sisemi tusiende. Tuende kula kile tusichokiweza, na bahashishi tusiibane. Lakini kulipa dola 20 kwa kitu unachokiweza, kisha kuwaambia watoto kwamba chakula kizuri ni cha nje, hapo hatuwasaidii wahudumu, tunawapoteza watoto.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama mama yako bado yupo, mpigie Jumapili hii. Usimuulize tu hali na hela imefika. Muulize kachumbari yake anaweka ndimu ngapi, na samaki wake wa kupaka anaweka tui la kwanza saa ngapi. Atakuambia "kwa macho tu, mwanangu". Usikubali. Mwambie apime kwa kikombe chake cha chai, wewe uandike. Atakucheka, na kicheko hicho nacho utakihitaji siku moja.

Mimi nilichelewa. Ninachofanya sasa ni kupika mara moja kwa mwezi na binti yangu, yeye anaonja, mimi naandika kwenye daftari: dagaa vijiko viwili, ndimu moja na nusu, samli kidogo. Mwezi uliopita alikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema, "Tumekaribia."

Ni mtazamo wangu tu. Jikoni kwema, na tupo pamoja.